Nilimwacha binti yangu peke yake, nikarudi nikakuta mwanaume ameketi nje ya geti

Wakuu, asalaam aleikum. Hii ni kweli tupu. Chumvi nimeweka kidogo tu, ya kuonja.

Niko Garissa. Juzi niliitwa kuchukua cheti changu cha Form Four, kile cha masomo ya usiku. Mke wangu alikuwa Mandera akimuuguza mamake, jirani naye hayupo. Nyumbani tulibaki mimi na binti yangu Hodan, wa miaka kumi.

Mke wangu husema Hodan asiachwe peke yake mpaka afike kumi na mbili.

Hodan akaniambia, kwa jina letu la baba, "Aabo, nenda. Mimi si mbuzi."

Nikampa sheria mbili: usiwashe jiko, usimfungulie mtu yeyote. Hiyo ya pili niliirudia kama mara mia nne.

Sasa huko ofisini, foleni ilifika Dadaab. Simu nayo ikazima. Jasho lililonitoka lingejaza boza la maji.

Nakaribia nyumbani, naona mwanaume ameketi nje ya geti langu. Moyo ukashuka mpaka kwenye sandals. Nikatimua mbio, cheti mkononi.

Kumbe ni kaka yangu mkubwa, yule wa ngamia kule Lafey! Hodan hakuwahi kumwona. Amekalia mkeka wetu, kando yake jagi la maji na flask ya chai ya asubuhi.

"Mtoto wako ni immigration," akaniambia.

Kwetu kumwacha mgeni nje na kiu ni aibu ya ukoo mzima. Basi Hodan alimwambia kupitia kidirisha cha geti: kama kweli wewe ni adeer, ndugu ya baba, hesabu mababu. Hayo majina watoto wetu huyakariri kabla ya ABC.

Mzee akaanza kwa mbwembwe, akamruka wa sita. Akaambiwa arudie!

Akarudia, akapita. Geti? Bado.

"Adeer, nimekujua. Lakini aabo alisema mtu yeyote."

Maji na chai vikapita kidirishani, mkeka ukarushwa juu ya ukuta.

Nikaanza kuomba msamaha. Kaka akacheka mpaka machozi. "Huyu mwachie nyumba. Wewe ndiye sina uhakika. Hebu nitajie huyo wa sita."

Wakuu, nikakwama. Na cheti mkononi!

Nilichojifunza: usihesabu miaka pekee. Tazama mtoto anafanya nini sheria yako ikigongana na heshima.

Wenu mliwaacha wakiwa na miaka mingapi? Na mama Hodan anarudi Ijumaa: nimwambie mimi, au nimwache Hodan atangulie kumwambia?