Nilivyoivalisha carbon fibre dashboard ya gari la marehemu baba, ili mdogo wangu atoke nalo siku ya harusi

Wakuu, habari za muda huu.

Nipo Gitega, mtaa wa Magarama, Burundi. Nimekulia Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kisiwashangaze. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka leo nikikaa kwenye lile gari natabasamu peke yangu kama chizi.

Iko hivi. Baba alituachia Probox. Injini haina shida, ila plastiki za ndani zilikuwa hazitazamiki. Jua limezipasua, nyingine zimechubuka hadi aibu.

Mdogo wangu Nadine alikuwa anaolewa nyumbani Giteranyi, kule Muyinga. Ombi lake lilikuwa moja tu, atoke nyumbani kwa gari la baba.

Baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa harusi, akanipigia simu.

"We, mi naikataa hiyo gari. Bibi harusi atakaa mu kitu iko imepasuka hivyo? Wakwe watatucheka. Natafuta ingine."

Nadine alilia. Mimi nilipandwa na hasira, halafu likanijia wazo.

Binamu yangu yuko Dar, anapamba magari. Akanitumia kwa basi, kupitia mpaka wa Kobero, kitambaa cha carbon fibre, zile nyuzi nyeusi ngumu, na resin, gundi ya maji inayokauka kama kioo, pamoja na hardener ya kuigandisha. Kitambaa halisi wakuu, sio sticker.

Nikafungua vipande vya dashboard, console na vifuniko vya vioo vya pembeni. (Kifuniko cha airbag sikukigusa, na wewe usikiguse. Siku ya ajali kinatakiwa kifunguke chenyewe.)

Nikapiga msasa, nikapaka resin ya kwanza, nikangoja ianze kunata, nikalaza kitambaa, nikapaka resin nyingine juu.

Kiling'aa, acha kabisa. Nikamwita mke wangu Espérance aje aone. Nikapiga na picha.

Asubuhi nikashika ukingo wa kipande kimoja. Kitambaa chote kikabanduka mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Cha pili hivyo hivyo.

Nikaanza kumlaumu binamu kwamba kanitumia resin mbovu. Espérance alikuwa amesimama mlangoni, akasema taratibu:

"Chéri, mi kila samedi napakaga hizo plastiki glycérine. Zing'ae tukienda kanisani."

Wakuu, kila Jumamosi, glycerine ile ya kupaka mwilini. Huku kwetu ni kawaida kabisa. Mafuta yalishaingia mpaka kwenye nyufa, na msasa wangu ndio kwanza uliyasambaza. Hata kukasirika sikuweza, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tukaanza upya, wote wawili. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi, suuza, kausha. Espérance ana saluni ndogo, akaleta acetone yake ya kutolea rangi ya kucha. Tukapangusa harakaharaka, maana ukiichelewesha inalainisha plastiki. Hapo ndipo nikapiga msasa.

Kitambaa kilichobaki kilitosha kwa shida. Vioo vya pembeni vikabaki vilivyo.

Safari hii kikashika. Nilikivuta kwa nguvu zangu zote, hakikutikisika. Nikaongeza tabaka, msasa wa maji, polish. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Siku ya harusi tukafika Giteranyi. Baba mdogo alikuwa ameshaleta gari lingine, limefungwa maua tayari.

Akafungua mlango wa gari letu. Akagonga dashboard kwa kidole, akapitisha kiganja.

Akaenda kwenye lile gari lingine, akaanza kuyafungua maua kwa mikono yake mwenyewe na kuyaleta kwetu.

Nadine akaingia nyuma, akainama katikati ya viti.

"Kaka, Baba angekugombeza. Angesema gari yake umeipaka poda."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Ikabidi niendeshe polepole.

Nilichojifunza: kabla ya resin, ulizia kwanza nyumbani hiyo plastiki imekuwa ikipakwa nini. Toa mafuta, ndipo upige msasa. Vaa glovu na mask, vumbi lake si zuri.

Walioshafanya hii kazi, mwageni ujuzi hapo chini. Mnapaka clear gani, ile vanishi ya juu, ili jua lisiigeuze resin kuwa njano? Nataka idumu, maana hili gari sasa hata mje na hela kiasi gani, haliuzwi.