Sista Aliyegeuza Foleni

Alizaliwa Machi 1938, mtoto wa sita wa fundi viatu, nyumba tatu tu kutoka zahanati ya misheni. Homa ikimpanda, mama yake alimbeba mgongoni, akatibiwa, wakarudi nyumbani kabla uji haujapoa. Alidhani watoto wote duniani hutibiwa hivyo. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akasomea uuguzi, na mwaka 1962 akapangiwa kazi kwenye zahanati ileile. Alikuwa na ulimi mkali, na sisi tunaoandika maisha yake hatuna sababu ya kulificha hilo.

Daktari alifika Alhamisi tu, akaona wagonjwa arobaini. Namba za foleni ziligawiwa alfajiri kwa waliowahi. Watu wa ng'ambo ya mlima, waliotembea usiku na mchana, walikuta zimekwisha. Sista aliwaona wavivu, akawagombeza mbele za watu. Alhamisi moja alimfokea mzee aliyemleta mkewe saa nane mchana, sanda ikiwa ndani ya kikapu. "Huoni aibu kumzika mtu angali anapumua?" Mzee akajibu taratibu, "Sista, sisi hatuji kutibiwa. Tunakuja ili iandikwe kwamba alikufa kwa ugonjwa, watoto wangu wasije wakaambiwa shangazi yao ndiye aliyemroga mama yao." Yule mama alifariki jioni hiyo. Sista alilia sana, na Jumapili akaomba msamaha mbele ya kanisa zima.

Tangu hapo alianza kugawa namba kwa umbali. Ishirini za kwanza alizitia mfukoni mpaka watu wa ng'ambo wafike. Majirani walikuja juu, na barua ya kumshtaki ikapelekwa kwa askofu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiumwa kifua, alipewa namba thelathini na tisa. "Nimekuzaa mimi, leo unaniweka nyuma ya watu nisiowajua?"

"Mama, hata ukikosa leo, Alhamisi ijayo utakuja kwa miguu yako. Wao watakuwa wameshazikwa."

Mama akaondoka bila kutibiwa, akakaa miaka miwili bila kuitikia salamu ya bintiye. Jambo hilo lilimuuma Sista kuliko barua ya mashtaka, lakini utaratibu hakuubadilisha. Aliusimamia hadi alipofariki kwa kichomi mwaka 1991.

Padri aliyetumwa kukusanya habari za miujiza, ili Sista atangazwe mtakatifu, hakupata kiwete aliyetembea wala kipofu aliyeona. Alimpata mama mmoja, jirani wa zahanati, ambaye zamani alitia sahihi ile barua. Huyo alisema, "Baba, kabla ya utaratibu wa Sista, hapa kwetu hakuna mzazi aliyekubali binti yake aolewe ng'ambo. Akishika mimba kule, ujue umempoteza. Binti yangu mkubwa nilimkatalia mchumba wa huko, na mpaka leo hajanisamehe. Mdogo wake nimemwoza hukohuko, amezaa mara nne."

Padri akauliza muujiza uko wapi.

"Watoto wote wanne wapo. Na mama yao yupo."

Nasi tumwige mtumishi huyu wa Mungu: tukiwahi kufika mlangoni, tuulize kwanza ni nani bado yuko njiani.