Mikono Niliyoihesabu Mau Narok

Kilichonitoa Nakuru ni simu ya dada yangu Wairimu. Jumamosi hiyo mradi wao wa maji ulikuwa unachagua mwenyekiti, na huko Mau Narok wanachagua kwa mlolongo: kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe. Uchaguzi uliopita Wairimu alisimama nyuma ya mwalimu mstaafu, mama jirani yake. Mwalimu akashindwa. Wiki hiyohiyo bomba la Wairimu likakauka, na fundi akasema ni hewa imeingia. Hewa gani hiyo ya kukaa miezi mitatu? Dada yangu aliuza ng'ombe wake kwa kuchoka kubeba maji mgongoni.

"Mwalimu anasimama tena," aliniambia. "Nataka kumpigia kura, na nataka maji. Kuja, hata kama ni kukaa tu."

Ijumaa, saa saba mchana, nilibadilisha gari Njoro nikiwa nimekumbatia sanduku la kadibodi nililolitoboa juu liwe la kura ya siri. Niliwahi kuwa karani wa uchaguzi mkuu, kwa hivyo nilijiona mtaalamu.

"Boss, hao ni vifaranga?" makanga akaniuliza.

Mau Narok nilifika jioni. Ngano ilikuwa imekomaa pande zote mbili za barabara, na baridi ya huko haibishi hodi. Wairimu alinipa chai na viazi vya kuchoma, akaniambia ana siku mbili hajalala vizuri.

Jumamosi, saa nne, tulikutana uwanja wa kanisa. Mwenyekiti, mzee wa sauti ya upole aliyekuwa anatetea kiti chake na ambaye ndiye hukaa na funguo za maji, aliliona sanduku langu akatabasamu. "Mgeni si mwanachama," alisema. "Hapa hana la kusema." Nikalikalia sanduku langu, likabonyea. Niliona aibu, nisidanganye.

Akabaki Wairimu peke yake. Aliposimama ndipo nilipoelewa ugumu wake: hiyo kura ya siri ilibidi aiombe hadharani.

"Unaficha nini, mama?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mwaka ule sikuficha, na unajua yaliyonipata. Wacha tufumbe macho tuinue mikono, vile tunafanyanga kanisani watu wakiitwa kuokoka."

Akina mama wakaitikia kwamba ni sawa. Nani angekataa jambo la kanisani? Mwenyekiti akauliza ni nani atahesabu.

"Huyu mgeni," Wairimu akajibu. "Hana bomba hapa."

Vichwa vikainama. Mwenyekiti na mwalimu waligeuka kutazama ukuta wa kanisa. Nilihesabu kila upande mara mbili, maana katika mstari wa mbele mke wa mwenyekiti, niliyemwona asubuhi akishuka naye garini, macho kayafumba kabisa, alikuwa ameinua mkono kumchagua mwalimu. Mwenyekiti alishinda kwa kura nne.

Saa tisa alinipa lifti hadi Njoro kwa pikapu yake, mke wake akiwa katikati yetu na kapu la kabeji mapajani. Tulipopita mashamba ya ngano mzee akaanza, polepole.

"Nyumba yangu naijua. Hao wengine waliomchagua mwalimu, nitajie hata wawili. Si kwa ubaya."

Mkewe alilishika kapu kwa mikono yote miwili.

"Mzee, nilihesabu mikono. Nyuso sikuziangalia."

Ulikuwa uongo, na sijautubu. Mama alilisogeza kapu lake, akaniuliza kama Nakuru mvua imenyesha.

Jumatatu nikiwa kazini Nakuru, Wairimu alipiga simu. Maji yalikuwa bado yanatoka bombani kwake. Kisha akashusha sauti. "Sasa niambie, mke wa mwenyekiti alichagua nani?"

"Sijui."

"Wacha hizo. Wewe uliona."

Nilikuwa nimekwenda kule kumlinda dada yangu, na kumbe nimerudi na siri za kijiji kizima, ambazo hata yeye hakuwa na haki nazo. Iliniuma kumnyima.

"Wairimu, sikumwona mtu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akasema asante.