Burulai Achoka Kuwa Mgeni

Wifi yangu Burulai ana kichwa kigumu, na nalisema hilo kwa mapenzi, maana nimeishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa na kaka yake. Alizaliwa haoni. Mwaka ule alikuwa anamaliza masomo ya sheria hapa Bishkek, mji mkuu wetu Kirgizistani, na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: mafunzo ya vitendo kwenye ofisi yoyote inayotetea haki za watu.

Mkuu wa idara, mzee mpole, akamwita. "Binti yangu, usihangaike na barafu hii ya barabarani. Tutakuandikia kwamba umefanya. Wewe kaa nyumbani upumzike."

Mwingine angeshukuru. Burulai alirudi amenuna, akaitupa fimbo yake nyeupe kwenye kona.

"Wananipa shahada ya huruma, wifi. Mteja akija kuniuliza kama nimewahi kumwandikia mtu barua ya madai, nimjibu nini?"

"Mwambie umeandika mia."

"Ndiyo maana wewe huwezi kuwa wakili."

Akaanza kutafuta mwenyewe. Kwenye simu ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni, kwa hiyo kila ofisi ilimkaribisha. Tukifika, yeye na fimbo yake, mimi nimemshika mkono, nafasi inakuwa imejaa ghafla. Ofisi moja walisema ngazi zao ni hatari kwake. "Kwani hapa juu nimefikaje, nimeruka?" akawauliza. Ofisi nyingine, bwana mmoja mwenye tai alinigeukia mimi: "Huyu anasumbuliwa na nini hasa?" Nikamjibu anasumbuliwa na watu kama yeye. Nafasi ile tuliikosa kwa sababu ya mdomo wangu, na wala sijuti.

Mwishowe akapokelewa na Bi Klara, mkuu wa shirika linalotetea haki za watu wenye ulemavu. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu mkuu na moyo mzuri, na huo moyo mzuri ndio uliotuponza. Siku ya kwanza alimkumbatia Burulai, akamkalisha mwisho wa meza kubwa, mbali kabisa na mlango, pale pa heshima wanapokaa wazee na wakwe. Chai ikaja, mkate ukaja, siagi na jamu zikaja. Kazi haikuja. Siku ya pili hivyo hivyo. Wafadhili wakitembelea, wanapigwa picha naye. Wakiondoka, anarudishiwa jamu yake. Nami nilikuwa nashinda naye pale, maana mume wangu hakutaka aende peke yake, na sketi zangu zikaanza kunibana.

"Naomba kazi, Bi Klara," alisema kila asubuhi.

"Ipo, mwanangu, ipo. Kwanza zoea mazingira."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani analalamika: "Nimezoea mazingira mpaka najua mlio wa kila kiti. Muda ukiisha hivi, nitakuwa na karatasi ileile ya mzee wa chuo, tofauti yake ni kwamba hii nimeinywea chai."

Wiki ya tatu akaja mama mmoja anayeitwa Gulipa, kutoka mji wa Kara-Balta. Mwanawe anatumia kiti cha magurudumu, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani amemkataa, eti atasumbua wenzake, asomee nyumbani. Gulipa alikaa kwenye benchi la ukumbini akisubiri zamu yake, na Burulai akatoka akakaa karibu naye. Walizungumza mpaka chai yangu ikapoa mara mbili. Burulai alirudi ndani na karatasi yake imejaa nukta nundu.

"Bi Klara, nipe suala la huyu mama. Barua naweza kuiandika leo leo."

"Hilo ni zito, mwanangu, atalishika mwanasheria wetu Aktilek. Wewe jiandae kesho, wapiga picha watakuja tena."

Burulai akairudisha karatasi yake mkobani. Mimi ninayemjua nikajua tumekwisha.

Mchana tulikusanyika mezani wote. Aktilek, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote ofisini, alikaa karibu na mlango na birika lake, anamimina. Kwetu chai humiminwa nusu bakuli, kidogo kidogo, mgeni apate sababu ya kuomba tena na kuendelea kukaa. Ukimjazia mpaka ukingoni, umemwambia aende kwao.

Burulai akanyoosha bakuli lake. Aktilek akamimina nusu. Burulai akachovya kidole, akalinyoosha tena.

"Jaza."

"Dada, nimeshakuwekea."

"Jaza mpaka juu."

Aktilek, maskini, akamtazama Bi Klara. Nilimkanyaga Burulai mguu chini ya meza; naye akanikanyaga kwa nguvu zaidi.

"Binti," akasema Bi Klara, "hakuna anayekufukuza hapa. Tumekukosea nini? Tunakuheshimu kama jicho letu!"

"Mnaniheshimu mno, mama. Mgeni huheshimiwa, mfanyakazi hutumwa. Hapa sijatumwa hata kuleta sukari. Kama kazi yangu haipo, nijazieni niage. Kama ipo, nipeni sasa hivi."

"Na ukiliharibu suala la Gulipa? Mtoto wa watu yule!"

"Aktilek juzi kaharibu hati ya mahakamani. Ulimgombeza mpaka nikasikia huku. Mbona yeye hakuwekewa jamu?"

Mtu mmoja akacheka puani. Bi Klara akawa mwekundu, nikadhani sasa tunatolewa kweli. Akainuka, akamnyang'anya Aktilek birika, akaja mpaka kwa Burulai na kulitua mbele yake kwa kishindo.

"Haya, inuka hapo! Nenda kakae mlangoni umimine wewe, si ndiwe mpya kazini? Barua ya Gulipa naitaka kesho saa nne. Na ukiniharibia, Mungu akusaidie!"

Burulai akaenda mlangoni. Akamimina chai, nyingine ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, na hakuna aliyempa pole. Kesho yake aliniambia nibaki nyumbani. Nilichukia, nisidanganye, nilishaizoea ile jamu.

Barua aliiharibu. Aliipeleka wizarani badala ya idara ya elimu ya wilaya, ikarudishwa, Gulipa akapoteza wiki nzima. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea chakula, nikamsikia Bi Klara akimfokea mlango ukiwa umefungwa, na damu ikanichemka, nikataka kuingia. Burulai akatoka anatabasamu. "Amenifokea, wifi! Umesikia?" Akakaa akaandika nyingine, kisha akaenda Kara-Balta na Gulipa kukaa mlangoni kwa yule mwalimu mkuu mpaka akasikilizwa. Mwana wa Gulipa aliingia darasani msimu wa vuli.

Mafunzo yalipoisha, Bi Klara alimwandikia ripoti ya chuo kwa mkono. Burulai akaniletea niisome. Nikaanza vizuri, kisha nikafika hapa: "Ana haraka. Anabishana na wakubwa. Hasomi sheria mara mbili kabla ya kuandika. Hata hivyo kazi ameifanya. Alama: nne."

"Nne?" nikafoka. "Mtu amevunja mgongo apewe nne badala ya tano? Nampigia simu sasa hivi, mwanamke gani huyu!"

Maana Burulai maisha yake yote amepewa tano, alama ya juu kabisa. Tano za hesabu, tano za historia, hata tano za michezo, na wakati wa michezo walimkalisha kwenye benchi na kumpa makoti ya wenzake ayashike.

"Weka simu chini," akasema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaniuliza ile nne iko wapi. Nikamshika mkono nikamwonyesha. Bi Klara alikuwa ameikandamiza kalamu kwa nguvu, na wifi yangu akapitisha kidole juu yake taratibu, huku na huku, mpaka akaipata.