Tochi ya Bastola ya Urban

Mjukuu wangu Urban Komba alizaliwa akitazama nyuma. Mimi ndiye niliyempokea. Kichwa kilipotoka tu akageuza shingo, aone kama kuna mtu anamfuata huko alikotoka. Mama yake akacheka mpaka uchungu ukakatika. Nikasema, huyu mume wangu atakuwa mwoga kuliko kuku aliyesikia Krismasi imekaribia. Namwita mume wangu kwa sababu ni mjukuu, na mume wa namna hiyo bibi anaruhusiwa kumsema apendavyo.

Akakua hivyohivyo. Shuleni alikaa dawati la mwisho, mgongo ukutani. Kanisani anasimama nyuma kabisa, padri anadhani ni unyenyekevu. Alipokuwa mtu mzima akawa mnunuzi wa mahindi hapa Lizaboni, akajenga ghala la bati lisilo na dirisha hata moja, maana anasema dirisha ni mlango wa mwizi mwembamba. Humo ndani mchana kweupe ni giza, unatembea ukipapasa magunia kama kipofu.

Siku moja mzee mmoja aliyejaa pombe ya komoni aliingia humo kutafuta mahali pa kukojoa. Akamgusa Urban bega kwa nyuma, akamwuliza, "Kijana, choo kiko wapi?" Urban akampa simu, saa na viatu. Mzee wa watu akapokea, angefanya nini, amepewa. Kesho yake mji mzima wa Songea unasimuliwa kwamba Urban Komba alivamiwa na jambazi.

Ndipo akaenda kuomba kibali cha bastola. Walimhoji, wakamzungusha, mwisho wakampa. Akanunua ndogo, ya kuficha kiunoni chini ya shati, ndani ya mfuko wa ngozi. Mnadhani alitulia? Wapi! Sasa akaanza kuogopa kwamba jambazi akija ghalani atakuwa hamwoni, atapiga magunia. Akasikia kuna vitochi vinavyofungwa chini ya mtutu wa bastola, unashika silaha na mwanga kwa mkono mmoja. Akakosa usingizi kwa ajili ya kitochi.

Duka la tochi ni la Abasi, Myao wa Tunduru, karibu na stendi. Anauza redio, kamera za ulinzi na tochi za kila namna, hata walinzi wa porini wanamjia. Yeye ni mtani wetu sisi Wangoni, kwa hiyo ulimi wake hauna breki. Urban alikwenda na mkewe Ursula, na mimi nikafuata nyuma nikitaka betri za redio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Myao."

"Huyu shujaa wako leo anaogopa nini?"

"Kivuli chake. Anasema kinamfuata tangu asubuhi."

Abasi akacheka, akatoa tochi ya kwanza, nene kama muhogo wa Namtumbo. Akaiwasha ukutani. Jamani! Majogoo wote wa Lizaboni waliwika saa nane mchana, na nasikia kule Hanga watawa walitoka mbio kwenda masifu ya asubuhi wakidhani wamechelewa. Ukuta wa Abasi ni mweupe, mwanga ukarudi wote machoni kwa Urban, akabaki anatiririka machozi.

"Unaona?" Abasi akamwambia. "Ghalani kwako magunia ni meupe. Ukiwasha hii, mwizi atakuona wewe unalia, atakupa na leso."

Urban akaifunga hivyohivyo chini ya bastola, akaiingiza ndani ya shati ajaribu. Tumbo likatokeza.

"Hongera baba," Ursula akasema. "Tutamwita nani?"

Akajaribu nyingine yenye kidoa cha kijani kinachoonyesha unapolenga. Hiyo aliipenda, akawa anakichezesha kidoa juu ya kipara cha Abasi, na Abasi akaruka chini ya meza akiita jina la Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiyao. Lakini hiyo ilitokeza mbele kupita mdomo wa bastola, na betri zake mpaka uagize Dar es Salaam. Ikawekwa kando.

Mwisho ikatoka ndogo, kama kiberiti. Inaingia chini ya mtutu na kuishia palepale mdomo unapoishia. Inachajiwa kwa waya wa simu. Swichi iko kulia na kushoto, kidole kinaifikia bila kutafuta. Mwanga wake si wa kukurudia usoni, ila mtu akiwa mbele yako atauona, hana pa kujificha. Urban akaiingiza ndani ya shati, akageuka huku na huku mbele ya kioo. Hakuna kilichoonekana.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Hata mke wangu akinikumbatia hatajua kama ninayo."

"Nitajua," Ursula akasema.

Abasi akatoa chini ya meza tochi ya plastiki, hizi za kawaida za mkononi, akaiweka mbele yake. "Chukua na hii. Ile ya bastola ni ya adui peke yake. Kila utakachokimulika utakuwa umekielekezea risasi, Mngoni wee. Hii ya plastiki ndiyo ya kutafutia vitu vyako."

"Tochi mbili za nini? Mimi ni kituo cha umeme?"

"Kwa hiyo ukitafuta ndala zako uvunguni," Ursula akamwuliza, "utazinyooshea bastola?"

"Zikiwa zangu hazitaogopa."

Akalipa, tukaondoka. Tochi ya plastiki ikabaki mezani kwa Abasi.

Mfuko wake wa zamani haukuitosha bastola tena, akampelekea fundi viatu ashone mwingine. Tangu hapo akawa hana adabu ya mwanga. Akisikia panya, anamulika. Umeme ukikatika, anatafuta chumvi kwa bastola. Ursula akitoka bafuni na taulo, anakutana na mwanga na kile kitundu cheusi cha bastola juu yake. Katekista alikuja kumwomba mchango wa sikukuu, akamulikwa mlangoni, akasamehe mchango na dhambi zote kwa pamoja bila kuulizwa.

Asubuhi moja Ursula akafunga nguo zake kwenye kitenge. Akaniambia mimi, hakumwambia yeye. "Bibi, siku hizi naona mdomo wa bastola kabla ya kuona uso wa mume wangu. Mimi nakwenda kwa mama." Akapanda gari la Njombe, akashuka kwao Madaba.

Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mwoga kumbe alikuwa na moyo. Aliacha kula. Alikaa juu ya magunia anamwita Ursula kama mtoto anayetafuta titi. Mwisho Ursula akapiga simu, akaweka masharti mawili. Urban aje Madaba aondoe aibu kwa mama mkwe, jambo alilokuwa akilikwepa tangu ndoa. Na aje bila kile kitu. Akifanya hayo, atarudi naye siku hiyohiyo.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Inakuwa hivyo hadi siku ya kuondoa aibu. Siku hiyo mkwe anakalishwa kwenye kigoda uani, mgongo ameuelekeza mlango wa jiko. Mama mkwe anatoka humo gizani, hasemi neno, anamjia kwa nyuma, anamwekea firigisi ya kuku mkononi. Mkwe akishapokea ndipo anageuka, wanatazamana, wamekuwa mama na mwana. Kazi ya mkwe ni moja tu, asigeuke kabla. Mtoto anaweza. Mbuzi aliyefungwa anaweza.

Siku ya safari, pale stendi nilimwuliza, "Umeiacha?"

"Nimeiacha ghalani, bibi. Naapa kwa marehemu babu."

Nikampiga tumbo kwa kiganja, akaingiza pumzi, akacheka. Shati lilikuwa limelala vizuri tu. Abasi hakumwuzia uongo, kitochi kilikuwa kidogo kweli.

Madaba tulipokelewa kabla ya saa sita, jua kali. Baba mkwe, mzee Kajetani, alikaa kwenye benchi na fimbo yake. Ursula alisimama karibu na kihenge cha mahindi, amevaa gauni lake la harusi ya dada yake, na mkoba wake wa safari uko chini, umeshafungwa. Niliuona mkoba ule. Urban naye aliuona. Macho yakamlegea.

"Mkwe," Kajetani akasema, "leo hakuna kazi. Leo ni kukaa."

Urban akakaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni. Jiko la Madaba mnalijua, halina dirisha, limejaa moshi na masizi, mchana ni usiku. Humo ndani mama mkwe, Benigna, akafunua chungu. Kifuniko kikagonga. Masikio ya Urban yakasogea yenyewe, nawaambia kweli, kama ya sungura. Jasho likamtoka kisogoni, likaandika ramani ya mkoa mzima wa Ruvuma kwenye kola.

"Tulia mume wangu," nikamwambia. "Ni firigisi inakuja, haina meno."

Watu wakacheka. Ursula naye akacheka, akamtazama kwa mapenzi. Akamwambia kwa midomo tu, bila sauti, "Bado kidogo."

Nyayo za mama mkwe zikaanza. Polepole, mtu mzima, miguu inauma. Unyayo mmoja ukakanyaga ganda kavu la mhindi pale kizingitini. Kra!

Urban aligeuka kabla ganda halijamaliza kulia. Mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya shati na kutoka. Mwanga ukaingia jikoni kama radi iliyokosa njia, na katikati yake uso wa mama mkwe, sahani mkononi, macho ya moshi yametoka. Alichokiona yeye ni jua dogo na juu yake kitundu cheusi. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma, hatua ya kwanza, hatua ya pili, akakaa ndani ya chungu cha mchuzi wa kuku yuleyule, kilichotoka motoni sasa hivi.

Kelele zilikuja hapo. Mabasi ya Njombe yalisimama barabarani, makondakta wakashuka kuuliza ni nani anayekufa. Firigisi ilibingirika mpaka uani, mbwa akaila. Walipomtoa Benigna kwenye chungu, khanga ilitoka na ngozi ya paja.

Na Urban bado anammulika! Kidole kimegandia swichi. Anapiga kelele, "Mama, ni mimi! Usiogope mama, ni mimi!" Nyuma ya mwanga ule nani amwone kama ni yeye?

Ursula akaja akasimama mbele ya mwanga, kati ya mama yake na mumewe. "Zima."

Akazima.

"Umekuja nayo."

"Ni ndogo, Ursula," mume wangu akasema, machozi yanamtoka. "Nilijua hutaiona."

Ursula akaokota mkoba wake, akauingiza ndani kwa mama yake. Mzee Kajetani akanyanyuka, hakupiga mtu, hakutukana. Akakichukua kile kigoda, akakigeuza juu chini mbele ya Urban, maana yake ukwe umekwisha. Tukaondoka kwa miguu mpaka barabarani, hakuna aliyetusindikiza.

Bastola polisi waliichukua, na kibali chake kikafutwa. Kitochi wakamrudishia, wakasema hicho hakina kibali wala hatia. Benigna alipona, ila anakalia upande mmoja mpaka leo, ukimsalimia anainama kama mti uliopigwa na upepo. Kuna mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Singida, anafundisha Madaba mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita alikalishwa kwenye kigoda kilekile uani kwa Kajetani, Ursula amesimama penye kihenge. Hakugeuka. Firigisi kaila yote, nasikia akalamba na vidole.

Urban hajambo. Yuko ghalani, anapima mahindi, mgongo ukutani, kitochi mkononi. Mchana nampelekea ugali mwenyewe. Mlango wa mbele upo, lakini mimi napenda ule wa nyuma. Navua ndala, napita polepole katikati ya magunia mpaka nyuma yake kabisa, kisha navunja ganda la mhindi sikioni kwake. Kra! Anaruka, anawasha, ananimulika usoni kwa kitochi kitupu.

"Pokea, mume wangu," namwambia. "Leo kuna firigisi."