Nilimsajili Mchezaji Huru Kutoka Jeddah, Akachukua Namba Yangu

"Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana kwa kina na goti langu, nautangazia umma kwamba nimestaafu rasmi kucheza kandanda. Nawashukuru mashabiki wangu wote wawili. Msilete maua, Riyadh hayakai."

Hilo tangazo nililituma kwa group ya timu yetu juzi, watu wakajaza vicheko. Admin, ficha jina langu tafadhali, maana wachezaji wenzangu huisoma hii page wakingoja madam zao nje ya maduka.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, Mkenya, dereva wa nyumba moja hapa Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Mke na watoto wako Bungoma. Nina tumbo ambalo hufika uwanjani kabla yangu, nakubali. Lakini kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakasirika, sisi madereva, walinzi na watu wa mjengo tuna ligi yetu kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Wiki nzima mimi ni "yalla, dereva!" Ijumaa mimi ni beki wa kushoto. Na timu si mpira tu. Ukiugua huku, hao ndio watakutafuta. Ukifa, hao ndio watachanga mwili ufike nyumbani.

Msimu ukiisha tunapima wachezaji huru, wale ambao timu zao zimevunjika au kafili, yaani mwajiri aliyewaleta, amehamia mji mwingine. Huku hatuulizi kwanza kama mtu anajua chenga. Tunauliza: Ijumaa anapewa ruhusa? Ikama yake, kibali cha kuishi huku, iko sawa? Ana gari? Uwanja uko mbali, na timu isiyo na gari kubwa huanza mechi na watu saba. Mimi baba, ndivyo tunavyomwita bosi wa nyumba, aliniruhusu kutumia gari la nyumba, lile la viti vingi, nikawa nabeba nusu ya timu. Mwaka huu akaliuza, akanunua kadogo. Hakuna aliyesema kitu. Simu tu zikapungua.

Ndipo tukasikia kuna winga, kijana dereva, kafili wake amehama Jeddah kuja Riyadh. Nitamwita Kevo. Wapinzani wetu wakubwa nao walikuwa wanammezea mate. Nahodha wetu, nitamwita Shikuku, akanituma mimi: "Mzae, wewe una mdomo. Nenda umlete."

Nikamkuta mtaa wa Malaz, nikamnunulia mandi, ule wali wa nyama.

"Uncle, Jeddah tulikuwa na bahari," akaniambia. "Hapa mna nini?"

"Mna mimi."

Akacheka mpaka wali ukamtoka. Nikamuuliza kama bosi humpa gari Ijumaa. "Basi dogo lote," akasema, "mradi nilirudishe limeoshwa." Nikampigia Shikuku hapo hapo, nikijisifu kama wakala wa Ulaya.

Sasa niseme ukweli. Sikustaafu. Ijumaa iliyopita tulikaa chumbani kwa Shikuku kupanga majina ya msimu, kwa sababu ligi ina kikomo cha wachezaji. Ikabaki nafasi moja kati yangu na Kevo, naye alikuwa hapo hapo chumbani.

"Mzae, sitazunguka," Shikuku akasema. "Wewe tunakutoa."

Nikacheka peke yangu. "Mkinitoa, nani atazuia kushoto?"

Kipa, amelala kwenye godoro, hata hakuinua kichwa. "Kwani umewahi kuzuia nani? Sisi tulisajili gari. Wewe ulikuja nalo tu. Gari limeuzwa, halas."

Walicheka, na mmoja wao ni mtu niliyempeleka hospitali akitapika kwa kiti cha madam.

Nikamgeukia Shikuku. "Ulipofika hii nchi ulilala kitandani kwangu mimi nikilala chini."

"Na nilikushukuru. Unataka nikushukuru mpaka lini? Hii ni timu, si nyumba ya wazee. Kama unataka kuja, njoo ushike maji."

Kevo akasema kwa sauti ndogo, "Uncle, mimi sikujua."

"Wewe nyamaza," Shikuku akamkata, "umeshasajiliwa."

Nikamwambia Shikuku neno ambalo Admin hawezi kuliposti. Akainuka, wakamshika. Mimi hakuna aliyenishika. Waliona hakuna haja. Nikaenda kwa kadogo kangu, nikakaa ndani na AC imezimwa, kisha nikaandika lile tangazo ili ionekane ni mimi niliyeondoka.

Jana nahodha wa wapinzani akanipigia. "Nasikia uko huru. Njoo kwetu." Nikamwambia sina gari tena. Akasema, "Nani amekuuliza gari?"

Mechi ya kwanza ya msimu ni wao dhidi ya timu yangu. Nikienda, nimejikata kutoka kwa hawa watu wa kwetu wa timu, na hiyo kazi ya kunitafuta nikiugua sijui ataifanya nani. Nikikaa, nitamshikia Shikuku chupa ya maji. Na niwaambie kitu kinachoniogopesha: Shikuku ana kifundo kibovu cha mguu anachokificha, na ni mimi pekee ninayejua ni cha upande gani, kwa sababu nilikikanda kwa mikono yangu. Tangu Ijumaa nimekuwa nikikifikiria.

Nyinyi mngekuwa mimi, mngevaa jezi ya nani? Nisemesheni, hata kwa matusi.