Mhogo Ulioitwa Kanga ya Mwatum

Tangu alfajiri Bi Mwatum hakuketi. Kafagia uwanja mara mbili, kabandika chai jikoni akaisahau mpaka ikakauka. Watu wa Wawi wanamjua kwa haraka zake, lakini leo kapitiliza. Sababu ni Hafiz, bwana shamba, anayezunguka na daftari akiandika kila aina ya mhogo, jina lake, na jina hilo limetokana na nini.

Hapo ndipo penye balaa. Mhogo mtamu kuliko yote kijijini, ule wenye vikonyo vyekundu vya majani, unaitwa Kanga ya Mwatum. Miaka thelathini nyuma, mjane wa watoto wanne, Mwatum alikwenda mazikoni kijiji cha Jadida, kwa Bi Ummkulthum aliyefiwa na mumewe. Wenzake wanalia, yeye yuko nyuma ya nyumba anavunja vijiti vya mbegu ya mhogo huo! Akavifunga ndani ya kanga, akatoka navyo kwapani. Shoga zake waliomwona ndio waliotunga jina.

Leo chanzo hicho kiandikwe, wajukuu wakisome? Wallahi hapana! Akamuwahi Hafiz barazani kwa sheha, mkuu wa kijiji.

"Andika, mwanangu: unaitwa hivyo kwa wekundu wa vikonyo, kama kanga yangu ya harusi."

Hafiz akaandika. Mwatum akashusha pumzi, akageuka, lo! Bi Ummkulthum kaketi pembeni, kaja kumtazama binti yake aliyeolewa na sheha. Anamwangalia usoni. Mwatum akafika mlangoni, akarudi. Akatoka tena hadi njiani, akarudi mbio.

"Futa," akamwambia Hafiz. "Niliiba. Kwa bibi huyu, siku aliyozikwa mumewe. Wanangu walikuwa na njaa. Nisamehe, dada."

"Vijiti nilikuona, nikakuacha," akasema Bi Ummkulthum. "Nikunyime, ukawalishe nini? Lakini ile kanga uliyofungia uliianua kambani kwangu. Hiyo, Mwatum, sijakusamehe mpaka leo."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwatum naye akacheka, machozi yakimtiririka, aibu na furaha hajui ipi imezidi. Akafungua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani kwa mwenziwe.

Hafiz kashika kalamu, kachanganyikiwa. "Sasa niandike kanga ya nani?"

"Ya Ummkulthum," akajibu Mwatum. "Kwangu mie ilikuwa ya kuiba."